Maporomoko ya Kalambo na makazi ya kale yaliyo kando yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisimama ukingoni mwa Kalambo, macho yote huvutwa chini, maji yanakoangukia. Karibu kila mgeni hupiga picha, hushangaa, kisha huondoka. Wachache sana hugeuza shingo kutazama nyuma, mto unakotokea, na huko ndiko waliko watu wa kale: mabaki ya makazi ambayo mwaka 2023 yalitikisa wanasayansi dunia nzima. Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wageni, wanafunzi na hata wenyeji wa Rukwa huyarudia kuhusu vyote viwili, maji na makazi.

## Mambo ya mwanzo

Kalambo iko wapi hasa?

Kalambo ni mto, ni maporomoko, na pia ni wilaya, ndiyo maana watu huchanganya. Mto unateremka kuelekea pembe ya kusini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, na hapo penye maporomoko ndio mpaka wenyewe kati ya Tanzania na Zambia. Upande wa Tanzania ni Mkoa wa Rukwa, Wilaya ya Kalambo, ambayo makao yake makuu ni Matai. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012 na ikapewa jina la mto. Upande wa Zambia mji wa karibu ni Mbala, ulioitwa Abercorn enzi za Waingereza.

Baada ya kuanguka, maji huingia kwenye korongo lenye kina kinachofika mita 300 hivi, hukimbia humo kama kilomita 5, kisha hutokea ziwani. Walungu wanaishi ng'ambo zote mbili. Kwao mpaka ni jambo la juzi tu, mto ni wa tangu na tangu.

Yana urefu gani? Mbona kila mtu ana namba yake?

Namba mbili utakazokutana nazo zaidi ni mita 221 na mita 235. Zamani watu walidhani yanapita mita 300, lakini vipimo vya miaka ya 1920 viliwarudisha chini, ingawa bado yalibaki juu ya mita 200. Mwaka 1928 msafara ulioongozwa na Enid Gordon-Gallien uliuchora ramani ukanda huu, na kipimo cha mwaka 1956 kikatoa mita 221. Waliofuata walipima tena na hakuna aliyelingana kabisa na mwenzake. Tumia yoyote kati ya hizo mbili, ila usizichanganye katika maandishi yaleyale.

La kuzingatia ni kwamba maji yanaanguka mara moja tu, bila kupumzika kwenye ngazi yoyote ya mwamba. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, yana mita 108 hivi. Kalambo ni zaidi ya mara mbili ya hapo kwa kwenda juu, ingawa kwa upana hayaoni ndani: Kalambo ni mkanda mwembamba wa maji, wakati Mosi-oa-Tunya ni ukuta mzima.

Ni kweli ni ya pili kwa urefu Afrika?

Utalisikia sana hilo, na lina msingi, ila lina mkia. Tugela ya Afrika Kusini inatajwa kwanza ikiwa na mita 948, lakini huo ni urefu wa jumla, kwa sababu maji yake hushuka kwa hatua kadhaa. Tena Ethiopia kuna maporomoko ya Jin Bahir, ambayo nayo yanatajwa kuipita Kalambo. Kauli isiyo na shaka ni hii: Kalambo ndiyo maporomoko marefu kuliko yote Tanzania, ndiyo marefu kuliko yote Zambia, na ni miongoni mwa marefu zaidi Afrika yanayoanguka kwa mruko mmoja. Sioni kwa nini tuongeze chumvi juu ya hapo.

Na hayo "makazi yaliyoachwa" ni yapi? Kuna magofu?

Hapana, na ni vizuri ujue kabla hujatoka nyumbani. Usitarajie kuta kama za Kilwa Kisiwani wala matuta ya mawe kama ya Engaruka. Juu kidogo ya maporomoko mto unapita kwenye bonde dogo, tambarare, lenye majani na matete. Ndani ya kingo za bonde hilo, tabaka juu ya tabaka, kumelala mabaki ya watu waliokaa hapo, wakaondoka, wakaja wengine, nao wakaondoka. Chini kabisa ni mawe yaliyochongwa na mbao za mamia ya maelfu ya miaka. Juu kabisa ni vigae na mavi ya chuma (takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa) vya wakulima wa juzijuzi, kwa kipimo cha bonde hili.

Kwa hiyo ni makazi mengi yaliyopandana mahali pamoja. Mtu asiyejua huona ukingo wa mto ulioliwa na maji, basi.

## Waliokaa hapo kale

Nani aliyafichua makazi haya?

John Desmond Clark, mwanaakiolojia Mwingereza aliyekuwa akiongoza jumba la makumbusho la Livingstone, aliona mwaka 1953 kwamba mto ulikuwa umekata ukingo na kuanika zana za mawe pamoja na vipande vya mbao. Alirudi kuchimba katika miaka ya 1950 na 1960, na kazi yake ikachapishwa katika majuzuu matatu, la kwanza mwaka 1969 na la mwisho 2001, mwaka mmoja kabla hajafariki.

Clark alijua ameshika kitu kikubwa. Aliona mbao zilizofanana na miti ya kuchimbia na nyingine kama rungu. Kilichomkwamisha ni umri. Kipimo cha kaboni, kilichokuwa ndicho tegemeo la wakati ule, kinafika ukomo wake kwenye miaka 50,000 hivi, na mbao zake zilikuwa mbali kupita hapo. Tena hakuwa na njia ya kuwaridhisha wenye shaka kwamba alama zilizokuwa kwenye mbao zile hazikuachwa na maji. Jibu lilichelewa zaidi ya nusu karne.

Kilichopatikana mwaka 2019 ni kitu gani hasa?

Ni magogo mawili. Timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, ikifanya kazi na wataalamu wa Zambia, ilichimba kando ya mto karibu na usawa wa maji. Walikuta gogo moja limelala juu ya jingine, limelikingama karibu pembe mraba. Gogo la juu lina urefu wa sentimita 141 hivi na ncha zake zimechongwa zikawa nyembamba. Katikati, kwa chini, limekatwa pengo pana, na pengo hilo ndilo lililokaa juu ya mgongo wa gogo la chini likatulia.

Fundi yeyote wa nyumba za miti atakuelewa ukimweleza hilo kwa mkono tu: unakata pengo kwenye boriti ili ishike boriti ya chini isitelezeteleze. Fundi huyu alifanya hivyo miaka 476,000 iliyopita, ongeza au punguza 23,000. Matokeo yalichapishwa katika jarida la *Nature* mwezi Septemba 2023.

Mahali hapohapo zilipatikana zana nne za mbao za baadaye, za kati ya miaka 390,000 na 324,000 iliyopita: kabari, mti wa kuchimbia, gogo lililokatwa na tawi lenye pengo. Angalia hizo tarehe. Kati ya magogo mawili na zana hizo kuna pengo la makumi ya maelfu ya miaka. Si kwamba ni karakana moja ya fundi mmoja.

Wamejuaje kwamba ni kazi ya mikono? Mto nao unaweza kugongesha magogo.

Swali zuri, na ndilo lililomtesa Clark. Mto unaweza kuvunja, kusugua na kulaza gogo juu ya gogo. Hauwezi kukata kwa mapigo yanayofuatana kuelekea mahali pamoja, kisha kukwangua ndani ya pengo ili likae sawa. Watafiti walilinganisha alama za kwenye mbao na zile walizozipata wao wenyewe kwa kukata miti kwa zana za mawe, na zikaoana. Juu ya hayo, mtindo wa kuchonga umeonekana sehemu kadhaa za gogo: ncha zote mbili na pengo la kati. Ajali ya maji haina mpango wa namna hiyo.

Mbao ikae miaka karibu nusu milioni bila kuoza, inawezekana vipi?

Kwa sababu ilizama. Mbao huozeshwa na kuvu na bakteria wanaohitaji hewa, na mchwa humalizia kilichobaki. Kalambo mbao zilifunikwa na mchanga laini na udongo uliojaa maji mwaka hadi mwaka, hewa haikupita, na mchwa hakufika. Mto uleule unaobomoa mwamba pale mbele ndio uliozitunza nyuma.

Lakini ukizitoa, saa inaanza kuhesabu. Mbao iliyokaa majini muda huo wote imebaki kama sifongo, umbo lake limeshikiliwa na maji. Ikikauka ovyo hujikunja, hupasuka, na alama zote hufutika. Ndiyo maana zile zilizochimbwa zilifungwa zikiwa mbichi na kuwekwa ndani ya maji. Hili lina uhusiano na swali la mwisho kabisa la ukurasa huu, usilikose.

Kama kaboni haifiki huko, umri umepimwaje?

Hawakupima mbao, walipima mchanga ulioizunguka. Chukua punje ya mchanga kama betri ndogo. Ikiwa gizani, ardhini, inapokea mionzi hafifu iliyomo kwenye udongo na kuihifadhi kidogo kidogo. Ikipigwa na jua, betri inaisha yote. Kwa hiyo punje iliyozikwa mtoni huanza kujichaji siku ile ilipofunikwa. Geoff Duller wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth na wenzake walichukua mchanga bila kuuacha uone mwanga, wakaupeleka maabara, wakaupiga mwanga maalumu na kupima kiasi cha nuru uliyotoa. Nuru nyingi, miaka mingi. Clark hakuwa na njia hii.

Waliojenga walikuwa watu kama sisi?

Hapana. Mabaki ya zamani zaidi yanayohesabiwa kuwa ya aina yetu, *Homo sapiens*, ni ya Jebel Irhoud, Moroko, yenye miaka 300,000 hivi. Magogo ya Kalambo yamewatangulia kwa mbali. Wengi hutaja *Homo heidelbergensis*, jamaa wa kale aliyeishi Afrika na kwingineko, lakini Kalambo hakujapatikana mfupa wa mtu hata mmoja. Udongo ulioitunza mbao uliila mifupa. Fuvu maarufu la Kabwe, lililofukuliwa mgodini mwaka 1921 Zambia hiyohiyo, ni la miaka 300,000 hivi, kwa hiyo nalo ni la baadaye sana.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji akae kidogo. Tumezoea kuwawaza watu wa kale kama wawindaji waliohangaika porini, leo hapa kesho kule, wasiojenga kitu. Magogo haya yanasema kulikuwa na mtu aliyepanga, aliyechagua mti, akauchonga kwa jiwe, akaupima kwenye mwenzake, na bila shaka akamwelekeza jirani yake ashike upande wa pili. Mtu hafanyi kazi hiyo mahali anapolala usiku mmoja.

Walikuwa wanajenga nini?

Magogo mawili hayatoshi kuchora nyumba. Watafiti wenyewe wametaja mambo kadhaa yanayowezekana: jukwaa la kukaa juu ya ardhi yenye maji, njia ya kupita tope, au msingi wa kibanda. Mazingira yanaelekeza kwenye jambo la kukwepa unyevu, maana bonde hili lilikuwa na maji mwaka mzima na lilifurika kila msimu. Mtu anayeishi kwenye mbuga zetu za mpunga anajua thamani ya kichanja kimoja kikavu.

Kwa nini watu walipapenda hapa kwa muda mrefu hivyo?

Maji hayakauki. Msitu uko jirani, na miti ya matunda pia, kwani udongo umetunza mpaka mbegu. Mawe magumu ya kuchongea yako palepale mtoni, yamesombwa na kukusanywa bila mtu kuhangaika. Ongeza ziwa lililo chini ya korongo. Hata leo ukiambiwa uchague pa kuweka kambi ya mwezi mzima, ungepachagua.

Ndiyo maana zana zinabadilika ukipanda kutoka tabaka la chini kwenda la juu. Chini kuna mashoka ya mkono, yale mawe makubwa yaliyochongwa umbo la chozi pande zote mbili. Kisha zinafuata zana nzito za mtindo wa Sango, ulioitwa hivyo kutokana na Ghuba ya Sango nchini Uganda, na baadaye zile za mtindo wa Lupemba, jina lililotoka Kongo. Anayezisoma tabaka hizi anapitia Zama za Mawe za Afrika ya Kati na Mashariki akiwa amesimama mahali pamoja.

Walijua moto?

Clark alikuta mbao na magogo yaliyoungua, akaona ni dalili ya moto wa watu. Wengine wanakumbusha kwamba moto wa porini nao huunguza magogo. Suala la moto halina nguvu sawa na lile la mbao kuchongwa, ukiulizwa darasani yatenganishe.

Je, hii ndiyo mbao ya kale zaidi duniani kuchongwa na mtu?

Sivyo, na magazeti mengi yalikosea hapo. Gesher Benot Ya'aqov, Israeli, kulipatikana kipande cha ubao uliolainishwa chenye miaka 780,000 hivi. Cha pekee cha Kalambo ni *muundo*: mbao mbili zilizotengenezwa zishikane. Kwa hilo hakuna kitu cha umri huo kilichojulikana kokote.

Na wale wakulima wa Zama za Chuma?

Hao walifika takriban karne ya 4 BK, na vyungu vyao vyenye mistari iliyochorwa kwa mifuo vimebeba jina la Kalambo katika vitabu vya akiolojia. Waliacha vigae, mawe ya kusagia, udongo uliokandikwa kwenye kuta za nyumba na mavi ya chuma. Walilima na kufua chuma mahali ambapo wenzao wa kale walichonga gogo kwa jiwe, bila kujua nani amelala chini yao.

Ukitembea Ufipa utaona jinsi kazi ya chuma ilivyoendelea kukua ukanda huu: yale matanuri marefu ya udongo, malungu, ambayo mengine bado yamesimama yenyewe mashambani. Hayo ni ya vizazi vya baadaye sana, lakini ni jirani na yanafaa kuonwa katika safari hiyohiyo.

Kwa nini makazi yaliachwa?

Hakuna siku moja ya kuhama. Bonde hili lina mlango mwembamba wa kutolea maji. Mlango ukizibwa maji hupanda, bonde hugeuka kinamasi na mchanga hujaa. Ukizibuka, mto hukata upya. Kila mabadiliko ya namna hiyo yaliwaondoa watu na kuwarudisha. Wakulima nao hawakuwa na desturi ya kung'ang'ania shamba lililochoka, walihama wakafyeka pengine. Kuachwa kwa Kalambo ni kuachwa mara nyingi, na kurudiwa mara nyingi.

## Kwenda kuona

Nafikaje?

Kwa upande wa Tanzania anzia Sumbawanga. Barabara ya kwenda Matai hadi bandari ya Kasanga ina urefu wa kilomita 112 hivi. Kutoka njia hiyo unakata kuelekea kijiji cha Kapozwa, jirani na maporomoko. Kipande cha mwisho ni cha vumbi, na masika ni cha tope, uliza hali yake ukiwa Matai kabla ya kuingia na gari dogo. Msitu wa hapo uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ndio wanaokusanya kiingilio, kwa hiyo pata namba ya malipo mapema usije ukahangaika na mtandao porini.

Kwa upande wa Zambia unaanzia Mbala kwa barabara. Wapo pia wanaokuja kwa boti kutoka Mpulungu, kisha wanapanda korongo kwa miguu. Njia hiyo ni ya wenye mapafu na magoti mazima.

Niende mwezi gani?

Kwa ajili ya maji, Februari hadi Juni. Mvua za ukanda huu huanza Novemba na kumalizika Aprili, na mto hubaki na nguvu wiki kadhaa baada ya hapo. Mei ndio mwezi ninaoupenda: anga safi, barabara imekauka, na maji bado yananguruma.

Mimi mara ya kwanza nilikwenda Oktoba. Nilikuta mkanda mwembamba kama utepe, upepo wa korongoni unaupeperusha mpaka unageuka ukungu kabla haujagusa chini. Sauti ilikuwa ya mbali, kama mvua juu ya bati la jirani. Wenzangu walisikitika. Lakini ni mwezi huohuo mto ulipokuwa umeshuka nikaona kingo za bonde la juu zikiwa wazi, na mistari ya tabaka inasomeka: mchanga mweupe, udongo mweusi, kokoto, tena mchanga. Anayekuja kwa ajili ya makazi aje kiangazi.

Naweza kuona yale magogo mawili?

Pale mtoni hapana. Yalitolewa ili yahifadhiwe, kwa sababu zilizoelezwa kwenye swali la mbao kutooza, na mashimo ya uchimbaji hufukiwa kazi inapokwisha. Kwa simulizi ya ukanda mzima pitia Jumba la Makumbusho la Moto Moto, Mbala. Ni safari ndogo kutoka maporomoko ukiwa upande wa Zambia.

Wale ndege wakubwa wenye kipara kwenye kuta ni ndege gani?

Ni korongo, wale wenye mfuko unaoning'inia shingoni. Hujenga viota kwenye kuta za mwamba kiangazi, na hii ni moja ya sehemu chache za ukanda wa kusini zinazojulikana kwa mazalia yao. Kiswahili kimetupa zawadi hapa: korongo wanazaa korongoni. Usiwarushie mawe ili waruke upate picha. Kinda likishtuka na kuanguka kutoka pale, halina pa kutua.

Ni salama kwa watoto na wazee?

Upande wa Tanzania zimejengwa ngazi za kushukia, zinasaidia sana, lakini kumbuka kila ngazi unayoshuka utaipanda. Mzee wa miguu mizito abaki juu, mandhari ya juu yanatosha. Kwa watoto, mshike mkono, si kumwita kwa sauti. Mwamba wa ukingoni hulowa na kuota ukoga wa kijani unaoteleza kama sabuni. Kuoga juu ya maporomoko ni marufuku ya akili ya kawaida, hata mto ukionekana mpole. Upole wake unaishia hatua chache mbele.

Nikiwa upande wa Tanzania, naruhusiwa kuvuka kwenda kuona bonde la uchimbaji Zambia?

Si kwa kuruka mto. Maeneo yaliyochimbwa na Clark na timu ya Barham yako Zambia, na mpaka ni mpaka. Pita kituo rasmi cha Kasesya, gonga muhuri, kisha zunguka kupitia Mbala. Ni mzunguko wa nusu siku au zaidi, panga kulala. Utaona wenyeji wakivuka kwenda kwa shangazi zao na kurudi. Hao wana ujirani wao, mgeni asijifananishe nao.

## Maswali ya pembeni

Kwa hiyo Kalambo ni ya Tanzania au ya Zambia?

Maji yanaangukia mpakani, ni ya wote. Makazi ya kale yaliyochimbwa ni urithi wa Zambia, na ndiyo iliyoliweka eneo hilo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2009. Ubishi wa mitandaoni wa nani anamiliki nini ningependa uishe: mtu aliyekata lile pengo hakuwa Mtanzania wala Mzambia.

Mbona bado si Urithi wa Dunia kamili?

Orodha ya awali ni kama kuweka jina kwenye foleni. Nchi lazima iandae andiko kamili, mpango wa kulinda eneo na mipaka inayoeleweka. Ugunduzi wa 2023 umeongeza uzito wa madai kwa kiasi kikubwa, na kwa maoni yangu nchi hizi mbili zingeandika pamoja, kwa sababu huwezi kulinda ukingo mmoja wa mto ukaacha mwingine.

Je, makazi yaliyoachwa ni ile ngome ya Wajerumani?

Hapana, hiyo ni Kasanga, ziwani. Wajerumani waliiita Bismarckburg, na Waingereza waliitwaa mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Magofu yake yapo, na kwa kuwa watu huziunganisha sehemu hizi mbili kwa siku moja, picha huchanganyika.

Clark wa Kalambo ndiye Clark wa Isimila?

Majina yanachezeana. Wa Kalambo ni J. Desmond Clark. Isimila, karibu na Iringa, ilichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na F. Clark Howell, Mmarekani. Isimila ina mashoka ya mkono mengi na mazuri ajabu, lakini mbao haikubaki. Weka Isimila na Kalambo pamoja ndipo utaelewa ni kiasi gani cha maisha ya watu wa kale tumekipoteza kwa sababu tu kilikuwa cha mti.

Nimeokota jiwe linalofanana na shoka la kale. Nifanye nini?

Lirudishe palepale ulipolitoa, ukiwa bado unapakumbuka. Kabla ya hapo lipige picha, weka kalamu au sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, na uchukue eneo kwa simu. Kisha mpe taarifa mhifadhi wa hapo au ofisi ya wilaya. Jiwe lililohamishwa linabaki jiwe zuri la mezani. Likiwa ndani ya tabaka lake linasema ni la lini, na lilikuwa jirani na nini. Kuliuza au kulivusha mpaka ni kosa kisheria katika nchi zote mbili.

Na nikiona mbao imetokeza ukingoni baada ya mafuriko?

Usiivute. Hata kama inaonekana ni kuni tu. Mbao ya kale hapa huwa nyeusi au ya kahawia iliyoiva, laini ukiigusa kwa kidole, na imetoka kwenye udongo ulioshikamana, tofauti na takataka za mto zilizokwama juu yake. Ifunike mara moja kwa tope la hapohapo au majani mabichi yaliyoloweshwa, isipigwe na jua. Weka alama mbali kidogo, upige picha, na utafute mhifadhi siku hiyohiyo. Masika yakija mto utaila sehemu hiyo ya ukingo, na kiangazi kikija jua litamalizia.